Mbagathi Kabla ya Masika

Jumamosi, saa kumi na mbili na robo asubuhi,
shemeji Shikuku ananionyesha mto
kama mtu anayeonyesha shamba alilorithi:
pale penye povu wanapita,
hapa chini ya mkuyu wanalala.
Mimi naona maji tu,
rangi ya chai iliyotiwa maziwa kwa uchoyo.
Mvua imenyesha Ngong mara mbili, anasema.
Bado moja.
Kambare huhesabu.

Tunafunga chubwi. Tunatia nyungunyungu
waliokesha kwenye mkebe wa kahawa
juu ya friji yangu, kando ya dawa za presha.
Ndoana inazama bila kishindo,
na kwa saa tatu hakitokei kingine
ambacho mtu angeweza kukisimulia.
Ndege ndogo za Wilson zinapita, zinarudi, zinapita.
Boya limekaa
kama karani wa ofisi ya ardhi Ijumaa alasiri.

Mdiria anajirusha kutoka tawini,
anapasua maji, anaibuka mdomo mtupu,
anajikung'uta kana kwamba alikuja kuoga.
Shikuku anacheka, kwa sauti ya chini.
Sijamsikia akicheka
tangu kiwanda cha sabuni kimkabidhi bahasha
na saa ya ukutani.

Miaka ishirini na sita, zamu ya usiku.
Siku hizi hulala mchana kwa mazoea,
na usiku huzunguka nyumba akigusa swichi.
Dada ndiye aliyenipigia:
mtoe, mpeleke popote.
Nilipomuuliza popote ni wapi, akasema mtoni,
mto wowote, hata huu wa mjini.

Kwao ni Nzoia. Ananiambia habari za ningu:
mvua ya kwanza ikigonga udongo wanapanda,
kifua dhidi ya mkondo, wengi hadi maji yanang'aa,
matumbo yamejaa mayai,
na mama yake anashuka na kikapu tu,
hana mshipi, hana haja ya subira.
Anakomea hapo. Anavuta ndoana, anakagua chambo.
Nyungunyungu ni mzima,
amechoka tu, kama sisi.

Jumapili tulirudi na chapati za jana.
Kijana mmoja, Parsaloi, akaja na ng'ombe wanne
na uzi uliozungushwa kwenye chupa ya soda.
Akautupa penye povu, jicho kwenye simu,
akatoa kambare mrefu kama mkono wa mtoto.
Akautupa tena. Wa pili.
Mimi siwali, alisema, nawauzia watu wa Rongai.
Akaondoka na ng'ombe wake.

Tukahamia penye povu.
Povu halikututambua.

Samaki mkunje angali mbichi, nikamtania.
Kwanza apatikane, akanijibu,
akamega chapati, kipande kwake, kipande majini.

Saa kumi hivi manyunyu yakaanza,
mepesi, ya kuonekana kwenye maji kabla ya kuhisiwa shingoni.
Nilikuwa nakunja mkeka.
Boya likaenda chini.
Si kutikisika: likaenda.
Shikuku akasimama kwa wepesi nisioujua,
mwanzi ukapinda hadi ukalia,
na kwa muda wa kusema jina la mtu
kulikuwa na kitu kizito upande ule, kikikataa.
Kisha mshipi ukalegea.

Ndoana ilirudi safi, imerambwa.
Hakupanua mikono kunionyesha urefu.
Alisimama, mvua ikimwingia kolani,
akaniambia, Yuko.

Jumatatu, dirisha la tatu, pale kwenye sacco,
nilihesabu pesa za watu
kwa kidole chenye mfuo mwembamba wa mshipi.
Nje mvua ilikuwa imeshika kazi.
Adhuhuri dada akaniandikia:
alilala usiku, hadi nikaogopa.
Viatu vyake viko mlangoni, tope tupu. Nivioshe?

Nikamjibu: Viache.