Kesi ya Pero

Bleddyn hakupiga hodi. Aliingia na matope yake,
akaweka juu ya meza yetu, kando ya siagi,
kishungi cha sufu kilichogandiwa na damu.
Akavua kofia. Akaivaa tena. Akatoka.

Nje, mvua ya milima ya Welisi ilinyesha kiubavu,
ndiyo tabia yake mwezi wa tatu,
na kondoo wake kumi na mmoja wenye mimba
walikuwa wamejibana kwenye pembe ya ukuta wa mawe,
mbavu zikipanda, zikishuka.
Wa kumi na mbili alikuwa mferejini.

Pero alikuwa chini ya meza.
Mkia wake ulipiga sakafu, pu, pu, pu,
kama mtu aliyeleta zawadi anayengoja ahsante.

Baba, mtu wa maneno matatu kwa siku,
siku hiyo alitumia akiba ya juma zima.
Alisema mbwa akishaonja mbio haachi.
Alisema yeye na Bleddyn wanapakana ukuta mmoja,
wanaazimana trekta,
walibeba pamoja jeneza la mzee Emrys kwenye barafu.
Alisema bunduki iko pale pale ilipo.
Sote tukatazama kwingine.

Mama alitaka mnyororo.
Nyanya akasema mnyororo ni kifo kile kile,
ila kinalipwa kidogo kidogo.
Kaka yangu Iolo akashauri tumfungie zizini
na yule dume mkorofi, apigwe pembe mpaka ashike adabu,
kama alivyofanyiwa mbwa wa mjomba.
"Na huyo wa mjomba, ilikuwaje?"
"Alishika adabu. Alibaki na jicho moja."

Luned, miaka sita, akauliza
kama Pero anajua kwamba kondoo ana mwenyewe.
Hakujibiwa. Birika likalia,
Mama akaliacha lilie.

Mimi nilinyamaza.
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na mguu uliopona karibuni.
Majira yote ya baridi nilikuwa na plasta hadi gotini,
theluji dirishani, na mbwa mchanga asiye na kazi.
Nikatwaa kipande cha ngozi ya kondoo, nikakifunga kwa kamba,
nikawa nakizungusha uani, nimekaa juu ya ndoo.
Kimbiza, Pero! Kamata!
Akikosa, nacheka.
Akikamata, nampa jibini.
Jibini nyingi. Alikuwa mwanafunzi hodari.

Hilo sikulisema.
Maneno yalifika hapa, kooni, yakageuka,
kama kundi lililokuta lango limefungwa.

Nyanya ndiye aliyemkumbuka Gwenllian, binamu yake,
mjane, fundi saa kule bandarini,
anakaa orofa ya tatu,
hana hata unyasi wa kuchokonolea meno.
Baba akautazama mkia ukipiga sakafu.
"Kesho," alisema. Akiba ilikuwa imekwisha.

Asubuhi Pero aliruka garini bila kuitwa.
Alidhani tunakwenda kazini.

Bleddyn alilipwa kondoo wawili kwa mmoja.
Usiku ule ule akamrudisha mmoja,
akamwacha langoni, amefungwa kwa kipande cha uzi,
na hatukuambiana lolote, sisi na yeye,
mpaka msimu wa kukata sufu.

Gwenllian huandika. Anasema Pero ni mpole,
amezoea ngazi, amezoea saa kugonga zote kwa pamoja,
paka wa jirani humkalia mgongoni.
Jambo moja tu linamshangaza.
Jioni akifuma, bonge la uzi likimponyoka,
mbwa huinuka kama risasi,
hulikamata kabla halijafika mlangoni,
kisha huketi mbele yake na kumkazia macho,
akingoja kitu.
Anauliza kama kuna yeyote kwetu anayejua ni nini.

Ni jibini.
Bado sijamjibu.