Uso kwa Gini Moja

Alitoka York juu ya mkokoteni wa makaa,
Josias Wragby, mchoraji wa vibao vya vilabu:
simba mwekundu, kengele tatu, nguruwe mwenye filimbi,
mpaka kabaila mmoja aliyelewa chini ya simba wake
akasema, huyu anaijua misuli.

Ndivyo alivyotufikia Newmarket, Oktoba,
umande umelala uwandani kama shuka lisilokunjwa.
Nikaambiwa, Enoch Pask, mshike farasi.
Nikamshika. Siku tatu.
Jina lake Kizabizabina, jike jekundu,
alikuwa hatulii hata akisinzia.

Siku ya kwanza Wragby alimpima kwa kamba,
kwato hadi bega, bega hadi sikio,
kama fundi wa majeneza.
Siku ya pili alisaga udongo mwekundu kwa mafuta ya kitani,
akaigombeza nuru, akaomba bia.
Siku ya tatu, nyuma kabisa ya picha, akamchora tena, mdogo, akikimbia:
miguu miwili mbele, miwili nyuma,
tumbo limenyooka hewani
kama mkate kwenye koleo la mwokaji.

Nikasema, Bwana, hawaendi hivyo.
Nimelala chini ya uzio wa miiba wakinipita.
Kuna kufumba na kufumbua
ambapo kwato zote nne hukutana chini ya tumbo
kama vidole vinavyookota chumvi.

Akafuta pua kwa mkono wa shati, pua ikabaki kijani.
"Pask, wewe umeona. Anayelipa hajaona.
Anayelipa ana gini kumi na mbili
na anataka farasi asiyedaiwa kitu, hata na ardhi."

Na mimi je?
"Uso ni gini moja zaidi. Hakuna aliyeuagiza."
Akanivisha koti la buluu nisilowahi kuwa nalo,
na penye uso akadondosha tone la rangi ya uji.

Lakini mkono.
Mkono alikaa nao hadi mshumaa ukazama kisahanini.
Kidole cha shahada, kile kilichokatika ncha
(Kizabizabina alikitafuna angali mtoto, akitafuta tufaha),
kimo, kifupi vilevile, kimelaza hatamu juu yake
kama anayejua kwamba akivuta tu, amempoteza.

Farasi alikufa Februari, msokoto wa tumbo.
Picha iko juu ya meko, chumba cha kulia.
Huingia humo mara moja kwa mwaka, Krismasi, nikibeba kuni.
Wageni huinua glasi kwa yule mdogo wa nyuma:
mwone anavyopaa!
Mimi hutazama chini, kushoto.
Nikishaweka gogo, kabla sijainuka,
vidole vyangu hulegea vyenyewe,
kidogo tu,
asije akashtuka.