Goti la Korongo

Huku Bahi neno ni moja, korongo,
na hatujawahi kulichanganya.
Lile la mchanga huchimbwa na mvua ya usiku mmoja;
halina mdomo, lakini mwaka juzi lilimeza
mbuzi watatu wa Nyendo na kipande cha njia ya stesheni.
Huyu wa manyoya huja baadaye,
maji yakishatulia, rangi ya chai ya maziwa.
Hushuka miguu mbele,
kama mtu anayeonja uji kwa kidole.

Kazi yangu ni kuamia mpunga.
Tangu alfajiri niko juu ya dungu,
makopo nimeyafunga kamba,
nikivuta, jaruba zima linapiga kelele
na kwelea kwelea wanatimka kama vumbi.
Yeye hageuzi hata shingo.
Anajua hana kesi na mpunga.

Mtazame anavyokula: hatazami.
Anazamisha mdomo wa manjano, wazi kidogo,
mlango ulioachiwa mgeni,
kisha mguu mmoja unavuruga tope, unavuruga,
mpaka kambale mdogo aliyejilalia zake
anakurupuka na kupita mlangoni.
Pa!
Kufunga kwenyewe sijawahi kukuona. Nasikia tu.

Saa saba, jua utosini,
anajinyea miguuni. Naam. Watoto wa shule hucheka.
Miguu myekundu inageuka chokaa,
kama ya wanawake wa chumvi
wanaporudi na madebe ya udongo kichwani.
Ndiyo namna yake ya kupata kivuli
mahali pasipo na mti.

Bwana Chihoma wa umwagiliaji
alisimika nguzo ya vipimo pale kwenye banio,
namba nyeusi, namba nyekundu.
Korongo la mchanga likaifukia mpaka namba ya tisa.
Sasa hunipigia simu: "Ndahani, maji yakoje?"
Namtafuta ndege.
"Yako chini ya goti," namwambia,
naye huandika, sijui huandika nini.

(Tena lile si goti, alinieleza siku moja,
ni kifundo; goti lenyewe limefichwa ndani ya manyoya.
Basi miaka yote hii nimepimia
kitu nisichokijua jina,
na mpunga ukaiva.)

Mwezi wa saba, mpunga tayari uko kwenye magunia,
maji yalishuka mpaka vidoleni.
Walikuwa thelathini, wakawa sita.
Hawakuaga. Waliipanda hewa ya moto
wakizunguka, wakizunguka,
hadi shingo ikaniuma mimi.
Mmoja alibaki siku mbili
akivuruga tope lililokwisha kuota ngozi.

Siku ya tatu nilikuta nyayo tu,
vidole vitatu mbele, kimoja nyuma,
zimekauka kama tofali,
zinaelekea korongoni,
zinaishia njiani.

Niliweka kiganja juu ya mojawapo. Kilienea.
Simu ikaita.
Sikuwa na cha kupimia.