Stakabadhi ya Senti Hamsini

Muhuri ulitangulia.
Ulifika kwa treni, ndani ya sanduku la msonobari:
miganda mitatu ya ngano na jembe la kukokotwa na farasi,
kabla ya tofali la kwanza, kabla ya mwanafunzi,
kabla hata hatujakubaliana choo kichimbwe upande gani.

Sheria ilikuwa fupi. Kutakuwa na chuo cha kilimo,
mali ya umma, katika kaunti ya Vesterdal,
chini ya bodi ya watu watano, akidi watatu,
na katibu atakayeandika yote bila kupendelea.
Katibu ni mimi, Orrin Tveit.

Tulikula kiapo ghalani kwa Asahel Pruitt,
theluji ikipenya kwenye nyufa za mbao.
Wino uliganda. Niliuyeyusha kwapani.

Hoja ya kwanza: tununue fahali au hadubini?
Kura mbili kwa mbili.
Kolar, Mbohemia, alikuwa amesinzia;
tulipomwamsha akasema, fahali.
Nikaandika: "Baada ya kutafakari kwa kina."

Kikao cha tatu, ikajulikana Pruitt ana binamu
aliyesomea mbolea miezi sita huko Ohio.
Kikao cha nne, binamu ameajiriwa.
Kikao cha tano, binamu ameagiza mbegu za kusini,
magunia arobaini ya mahindi
ambayo kwenye picha yalimpita mtu aliyepanda farasi.

Usiku wa Agosti ishirini na nane jalidi ikashuka.
Kulipokucha shamba la mfano lilikuwa jeusi,
na wanafunzi kumi na mmoja kando yake,
penseli mkononi,
hawajui waandike nini.

Hapan alikuja Oktoba, kutoka ng'ambo ya mto,
mwanamke wa Kidakota mwenye kapu na haraka zake.
Mahindi yake mafupi kama mpini wa kisu,
punje nyeupe, za zambarau, za rangi ya damu kavu.
"Siku sabini," alisema. "Yanaiwahi baridi.
Senti hamsini."
Binamu akacheka.
Kolar akaokota punje, akaiuma,
akakaa kimya hadi kicheko kikaona haya.

Mweka hazina akasimama na kanuni zake:
hakuna malipo bila stakabadhi,
hakuna stakabadhi bila saini.
Nikamwonyesha mstari. Hata msalaba unatosha, nikasema.
Aliutazama mstari ule
kama mtu anavyoitazama barafu kabla ya kuikanyaga.
"Babu yangu alitia msalaba," akasema.
"Mmekalia juu yake."

Mali bila daftari huisha bila habari.
Hilo tunalijua, tunawafundisha vijana.
Lakini yao ilikuwa na daftari,
ilikuwa na tarehe, mashahidi, nta nyekundu,
nayo ikaisha vilevile,
habari zake zote zimeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Nililipa kutoka mfukoni mwangu.
Kwenye kumbukumbu niliandika mbegu, kapu moja, na jina lake.
Pruitt akasema jina litachanganya wakaguzi;
"za kienyeji" inatosha.
Nikafuta. Mkono ni wangu, siwezi kuusingizia wa mtu.

Mwaka uliofuata yaliiva kabla ya katikati ya Agosti.
Gavana alikula hindi la kuchoma, siagi ikimchuruzika kidevuni,
akatuongezea ruzuku.
Binamu akachapisha kijitabu.
Humo mahindi yanaitwa Pruitt Namba Moja.

Sasa tuna matofali, tuna mnara na saa inayochelewa.
Bodi ina watu tisa, akidi watano.
Kolar, hadi alipokufa, kila mwaka alitoa hoja
tuongeze hindi kwenye muhuri, hindi fupi,
na kila mwaka nikaandika:
"Hoja imekosa wa kuiunga mkono."

Katibu hana kura. Ana droo.
Mle imo stakabadhi ya senti hamsini,
mstari wake mtupu.
Wakaguzi huigeuza, huirudisha,
husema, hii haijakamilika.
Nami huwajibu, isomeni tena.