Kofia ya Shaame

Nilianza kuitoboa mfunguo nne,
kichwa cha Shaame nimekipima kwa uzi,
uzi nimeufunga fundo.

Lakini mvua ya Konde haimuulizi mtu ana kazi gani.
Mchicha ukataka kupaliliwa,
mabilinganya yakaingia wadudu,
kuku wa Bi Mize wakavunja ua mara mbili;
nami sindano mkononi, tope miguuni,
kiua kimoja kwa siku,
siku nyingine hata hicho sikioni.
Idi ikaja, ikapita.
Nikasema: ijayo.

Mkesha wa hiyo ijayo nikakata uzi wa mwisho,
nikaifua, nikaianika juu ya bakuli.
Shaame kaivuta mpaka nyusi zimepanda.
Imemkaa utosini
kama kifuniko cha birika.

Na Faki yuko mlangoni,
kanzu ya kaka yake iliyopandishwa pindo,
viatu vya kaka yake vimejazwa pamba.
Hajawahi kuniomba kitu.
“Lete kichwa,” nikamwambia.
Ikaingia. Hata sikuibonyeza.

Kesho yake uwanjani, pembea ilipompeleka juu,
viatu vilimtoka vyote viwili.
Hakuvitazama.
Mkono mmoja kamba,
mmoja kichwani.