Ukurasa wa Kumi na Saba

Jumamosi, saa tisa, chumba cha nyuma cha parokia, Kadutu.
Wajumbe saba. Waliofika watano, mmoja ana usingizi.
Mimi, M'Cirhuza, katibu, naandika.
Mvua imeushika mlima tangu asubuhi
na njia ya kushukia sokoni imekuwa mto wa udongo.

Ajenda ya kwanza: sala.
Ajenda ya pili: mabati ya bweni.

Mwenyekiti Balagizi anasema mabati ni sitini,
yamelipwa, yamepigiliwa, Mungu asifiwe.
Muuzaji ni shemeji yake. Hilo hakulisema yeye,
nalisema mimi, hapa, kwa mkono wangu,
kwa sababu mwaka jana nililijua
nikaandika tu "duka moja la Nyawera",
na neno "moja" likakaa vizuri kwenye mstari
kama mgeni aliyevaa suti ya kuazima.

Mweka hazina Zihindula ametoa risiti.
Risiti ina muhuri. Nimeugusa:
kidole changu kimebaki na nusu ya jina la duka.

Nikauliza, nani aliyahesabu?
Wakatazamana.
"Sisi ni watu wa imani, mama. Tusihesabiane."

Na kweli ni watu wa imani. Nimewaona usiku
wakipokezana mgongoni mtoto wa homa hadi hospitali.
Nimemwona Balagizi huyuhuyu, mwaka ule
udongo ulipoporomoka Cimpunda, akivua koti lake
akamfunika mtoto ambaye hakumjua hata jina.
Hilo pia ni kweli. Hilo pia naliandika.
Koti halijazi nafasi ya bati.

Aliyehesabu ni Nsimire, miaka tisa.
Malaria ilimlaza chali siku nne,
hana la kufanya ila kutazama juu.
Arobaini na sita, anasema.
Akahesabu tena kuanzia dirishani,
akahesabu tena homa ikiwa imempanda, ikatoka ileile.
Palipobaki pamefunikwa turubai
linalopumua upepo ukija.
Chini yake kuna vitanda vinne.

Mwalimu wangu wa darasa la tano alitukaririsha:
mali bila daftari hupotea bila habari.
Lakini sisi daftari tulikuwa nalo. Ndilo hili.
Kurasa kumi na sita, mwandiko mzuri, sahihi saba saba,
na ile ya mwisho, chini kulia, ni yangu.
Mara mbili nimetia sahihi ukurasa mtupu
kwa kuwa gari la wafadhili lilikuwa nje
na dereva anapiga honi.

Wizi ni neno kubwa, sijui kama ni wizi.
Aibu naijua. Tuliona aibu kuulizana
kama watu wanaoona aibu kumwambia mwenyeji
kwamba nguo yake imechanika nyuma,
wakamwacha avuke soko zima hivyo.

Ajenda ya tatu haikuwa kwenye karatasi. Nimeiongeza:
shemeji wa mjumbe akiuza, mjumbe atoke chumbani,
asimame barazani mpaka tumalize, anyeshewe kidogo;
sanduku lipate kufuli la pili, na ufunguo wake
usilale nyumba moja na ufunguo wa kwanza;
bei ya kila kitu ibandikwe mlangoni mwa bweni
kwa herufi ambazo Nsimire anaweza kuzisoma.

Aliyekuwa na usingizi ameamka. Ameunga mkono.

Balagizi amenitazama muda mrefu.
"Na wewe je, katibu? Wewe ulikuwa wapi?"

Swali ni halali. Liingie.
Jibu: nilikuwa hapa, kiti hiki, kalamu hii.
Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Changu hakikuwa na mshindo.
Kilivuja tu.

Kikao kimefungwa saa kumi na moja.
Sala ya mwisho imesahaulika.
Sahihi ya mwenyekiti: amesema kesho.
Nimemwachia nafasi.
Safari hii hakuna atakayeijaza kwa niaba yake.