Akiba

Jumatano baada ya alasiri, maktaba ya Langoni
huvunja sheria yake yenyewe.
Kibao cha KIMYA TAFADHALI hugeuzwa uso ukutani,
na Mwanamize mtunza vitabu hupanga viti kumi na viwili,
vinane vyao vya chekechea,
basi wazee tunakaa magoti yakigusana na videvu
na kicheko kinatangulia somo.

Mimi nilifuata miwani.
Nilisikia wanaazimisha, kama vitabu,
nikasema nikipata ya kunifaa mato, narudi zangu.
Sikuja kusoma. Kusoma najua,
msahafu nimeukhitimu kabla sijavunja ungo.
Ila herufi zangu hutoka kulia
na za daktari hutoka kushoto;
zikikutana, ni punda wawili kichochoroni Mkomani,
kila mmoja na mzigo wake, hakuna anayempisha mwenziwe.

Siku hiyo paketi tupu ya dawa
ilipita mkono kwa mkono kama sahani ya kashata.
"Hapa pana moja, alama ya mara, na mbili," akasema Mwanamize.
"Maana yake?"
Bwanaheri, fundi wa milango, miaka hamsini ya kupima mbao,
akajibu mbio: "Urefu kwa upana."
Tukacheka hata mtoto aliyekuwa akifanya hesabu dirishani
akatutia kidole mdomoni: shsh.

"Kidonge kimoja, mara mbili kwa siku.
Kila siku. Hata ukijiona mzima."

Hapo mimi nikaacha kucheka.

Changu nilikuwa nakimeza kwa sababu:
siku ya kitwa kuuma, siku ya maiti mtaani,
siku mwanangu akipiga simu toka Mombasa, "Mama, nna shida kidogo."
Siku nyingine nilikiweka.
Akiba haiozi, ndivyo tulivyolelewa.

Jumatano ya pili nikaenda na kopo la biskuti chini ya buibui.
Nikalifungua mezani.
Karatasi kwa karatasi, miaka miwili,
vidonge vyeupe kama mchele uliokwisha kuchaguliwa.
Nilitaka sifa, sikufichi.

Mwanamize hakunisifu. Wala hakunigombeza.
Alivuta kiti cha chekechea, akaweka kidole chini ya tarakimu.
"Soma, bibi."
Tarakimu nazijua, nimeuza iliki sokoni.
Mwezi. Mwaka. Mwaka uliokwisha kupita.
Kumbe iko akiba inayooza bila harufu.

Na Bi Shali, jirani, alikuwa akija kuazima
viwili, vitatu, kama chumvi.
Presha ni presha, tukisema.
Nilimpa kwa kutaka thawabu.
Ramadhani iliyopita alianguka kisimani,
mkono wa kushoto haujarudi.
Nikauliza: ni vile vidonge?
Mwanamize akanyamaza, halafu: "Sijui, bibi."
Namshukuru hata leo kwa kusema hajui.

Kisha nikauliza jingine,
nikisahau cha asubuhi, usiku nimeze viwili?
"Mimi ni wa vitabu. Hilo ni la daktari.
Liandike, lisikupotee njiani."
Akanipa kalamu na kipande cha karatasi
na ile miwani yenye uzi badala ya mkono.
Nikaandika Kiswahili changu, kulia kwenda kushoto,
maswali manne. La nne la Bi Shali.

Zahanati, foleni, benchi, jina langu likaitwa vibaya.
Zamani ningesema ndiyo, ndiyo, asante, mwanangu,
nikatoka na mfuko wa dawa na joto la aibu.
Safari hii nikamkabidhi karatasi.

Daktari, kijana wa bara, mpole,
akaitazama. Akaigeuza juu chini.
Akaigeuza tena, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha,
shingo yake ikaanza kutoka jasho;
na jasho lile nalijua mimi.

Nikavaa miwani ya maktaba.
"Lete, mwanangu," nikamwambia. "Nikusomee."